Programu Zinazobebeka katika Flashi na Kazi ya Mtafiti wa Lahaja: Mazingira ya Tanga na Mwambao wa Kaskazini mwa Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna programu za kompyuta zinavyoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, pamoja na maana ya jambo hilo kwa mwanafunzi wa shahada za juu anayekusanya data za lahaja za Kiswahili katika mwambao wa Tanga huku akitegemea kompyuta zisizo zake. Hoja kuu ni kwamba programu inayobebeka humwondolea mtafiti haja ya kuomba idhini ya mwenye kompyuta, lakini haimwondolei haja ya kuiamini kompyuta yenyewe. Gharama ya pengo hilo huweza kuwaangukia watoataarifa waliokubali kurekodiwa.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1956 W. H. Whiteley alichapisha uchunguzi wake wa Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya kusini mwa mji wa Tanga kuelekea Pangani. Tangu wakati huo vifaa vya mtafiti wa lahaja vimebadilika sana. Anayekwenda Tongoni au Pangani leo, au anayekwenda kaskazini katika eneo la mpaka wa Tanzania na Kenya kuchunguza Kivumba, hurudi na faili za sauti, matini zilizonukuliwa kutokana na sauti hizo, pamoja na orodha za msamiati. Kazi hiyo yote inaweza kuenea katika kifaa kidogo kuliko kidole gumba. Katika Kiswahili cha mitaani na cha ofisini kifaa hicho huitwa flashi, na jina hilo ndilo linalotumika katika makala haya.

Mazingira ya usomaji nayo yana nafasi yake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, hufundisha kwa njia ya masafa, na wanafunzi wake wengi huendelea kuishi na kufanya kazi mikoani. Mwalimu wa sekondari aliyeko Muheza anayesomea uzamivu wa Kiswahili anaweza kuandika sura moja katika kompyuta ya ofisi, kuirekebisha katika maktaba, kuituma kwa msimamizi wake kutoka intaneti kafe, na kuichapa katika steshenari. Kompyuta hizo nne zina mipangilio tofauti na matoleo tofauti ya programu. Kinachofanana ni kwamba katika zote mtumiaji si msimamizi wa mfumo, na kwa hiyo hawezi, wala hapaswi, kusakinisha chochote.

2.0 Maana ya Programu Inayobebeka

Kusakinisha programu katika mfumo wa Windows si kunakili faili tu. Programu ya kawaida huweka faili zake katika folda ya mfumo, huandika mipangilio yake katika sajili ya Windows, na huhifadhi mapendeleo ya mtumiaji katika folda yake binafsi. Kwa kuwa baadhi ya sehemu hizo hulindwa, usakinishaji huhitaji nywila ya msimamizi. Programu ikishasakinishwa huwa mkazi wa kompyuta ile moja. Kuinakili folda yake na kuihamishia kwingine mara nyingi hakufui dafu, kwa sababu nusu ya kumbukumbu zake imebaki ilikotoka.

Ikumbukwe kwamba hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika enzi za MS-DOS programu nyingi ziliendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye diski laini, na aliyebeba diski yake alibeba programu yake. Sajili, iliyopata nguvu kuanzia Windows 95, ndiyo iliyozifunga programu kwenye mashine. Kwa mtazamo huo, kubebeka si uvumbuzi mpya bali ni hali ya zamani iliyopotea kisha ikarejeshwa.

Kurejeshwa huko kulihitaji chombo chenye nafasi ya kutosha. Flashi za kwanza ziliuzwa mwaka 2000, zikitoka katika kampuni ya Trek ya Singapore na M-Systems ya Israeli, na ile ya M-Systems iliyouzwa na IBM ilikuwa na megabaiti 8 tu. Uwezo ulipoongezeka, mwaka 2004 John T. Haller alitoa toleo la kivinjari cha Firefox lililoweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi. Juhudi hiyo ndiyo iliyokua na kuwa PortableApps.com, mkusanyiko ambao leo unajumuisha LibreOffice, Audacity, VLC, 7-Zip na programu nyingine nyingi huria.

Utendaji wa programu hizo unaeleweka kwa urahisi folda yake ikifunguliwa. Ndani yake mna folda ya App yenye programu yenyewe, folda ya Data yenye mipangilio ya mtumiaji, na faili ndogo ya kuanzishia. Mtumiaji anapobofya faili hiyo, mipangilio huchukuliwa kutoka Data na kuwekwa mahali ambapo programu imezoea kuitafuta. Kianzishi pia hurekebisha njia za faili, kwa kuwa flashi iliyoitwa E: katika kompyuta ya maktaba huenda ikaitwa G: katika kompyuta ya steshenari. Programu inapofungwa, mipangilio hurudishwa kwenye flashi na kilichowekwa katika kompyuta mwenyeji huondolewa.

Neno la kuzingatia hapo ni «inapofungwa». Usafi wote hutegemea kitendo hicho cha mwisho. Umeme ukikatika, au flashi ikichomolewa wakati programu ingali wazi, kianzishi hakipati nafasi ya kufanya kazi yake: mipangilio hubaki kwa mwenyeji na faili iliyokuwa ikiandikwa huweza kuharibika. Ndiyo maana ushauri wa kufunga kila programu, kisha kuitoa flashi kwa utaratibu wa mfumo kabla ya kuichomoa, ni wa lazima zaidi kwa anayeendesha programu kutoka kwenye flashi kuliko kwa aliyekuja kunakili waraka mmoja.

Zipo pia programu ambazo kwa asili yake hazihitaji kianzishi. AntConc ya Laurence Anthony, inayotumiwa sana katika uchanganuzi wa kongoo za matini, kwa miaka mingi ilitolewa kama faili moja iliyoweza kuendeshwa popote ilipo. Kwa mtafiti wa isimu asiye na kompyuta yake, hilo si jambo dogo.

3.0 Ritifaa kama Kipimo

Faida ya programu zinazobebeka kwa kawaida huelezwa kuwa ni wepesi. Maelezo hayo hayatoshi. Katika utafiti wa lugha faida kubwa zaidi ni uthabiti wa data, na mfano mzuri unapatikana katika alama ndogo kabisa ya maandishi ya Kiswahili, yaani ritifaa.

Jina lenyewe la Kimtang'ata lina alama hiyo. Katika Kiswahili sanifu ritifaa hutofautisha ng' ya ng'ambo na ng ya ngano. Katika unukuzi wa lahaja za pwani mzigo wake huongezeka, kwa kuwa baadhi ya wanaisimu huitumia pia kuonyesha mpumuo wa konsonanti kama vile p', t' na k'. Mtafiti anayebonyeza kitufe cha ritifaa katika kibodi hudhani kwamba ameandika herufi ileile kila mara. Sivyo. Programu ya uandishi iliyoachwa katika mipangilio yake ya kawaida huigeuza ritifaa iliyonyooka, yenye msimbo U+0027 katika Unicode, kuwa alama iliyopinda, U+2019. Programu sahili ya matini huiacha ilivyo. Katika kompyuta nne tofauti mtafiti huyo mmoja anaweza kuwa ameandika neno moja kwa namna mbili ambazo jicho halizitofautishi, lakini mashine inazitofautisha.

Matokeo yake hujitokeza wakati wa uchanganuzi. Akitafuta ng' kwa ritifaa iliyonyooka, programu ya kongoo inaweza kumletea sehemu tu ya matukio na kuyaacha yale yenye alama iliyopinda. Idadi atakayoiandika katika jedwali la sura ya nne itakuwa na makosa, na hakuna mtahini atakayeweza kuyaona kwa kusoma tasnifu iliyochapwa. Tatizo la pili ni kwamba AntConc, isiporekebishwa, huhesabu herufi pekee kuwa sehemu ya neno, na kwa hiyo huikata ng'ombe kuwa vipande viwili, ng na ombe. Mtumiaji hulazimika kuiongeza ritifaa katika fasili ya neno, na kuihifadhi mipangilio hiyo katika faili ili asiisahau katika kikao kijacho. Unicode ina alama nyingine, U+02BC, ambayo huhesabiwa kuwa herufi na hivyo haikati neno. Tatizo ni kwamba haimo katika kibodi ya kawaida.

Hapa ndipo programu inayobebeka inapokuwa na thamani ya kimbinu. Mtafiti akiibeba LibreOffice yake katika flashi, na katika mipangilio yake akazima ubadilishaji wa ritifaa pamoja na usahihishaji wa papo kwa papo, mipangilio hiyo humfuata katika kila kompyuta. Humfuata pia kamusi ya tahajia ya Kiswahili inayopatikana kwa LibreOffice kwa alama ya sw_TZ, pamoja na maneno ya lahaja aliyoyaongeza mwenyewe. Katika kompyuta ya umma iliyopangiwa Kiingereza, kinyume chake, ukurasa mzima wa Kiswahili huweza kupigwa mistari myekundu, na baadhi ya maneno kugeuzwa kimyakimya yafanane na ya Kiingereza.

Kazi ya kuipatia programu huria sura ya Kiswahili ina historia yake nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice, ambayo ni asili ya LibreOffice ya leo. Inasikitisha kwamba juhudi ile hutajwa zaidi katika mijadala ya istilahi kuliko katika ile ya mbinu za utafiti, ilhali ingefaa kote kuwili.

4.0 Sauti na Uwezo wa Flashi

Faili ya sauti isiyobanwa, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 na njia mbili, huchukua takribani megabaiti 10 kwa dakika, sawa na megabaiti 600 hivi kwa saa. Sampuli zikiwa 96,000 na biti 24, saa moja huzidi gigabaiti 2. Flashi iliyoumbizwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja iliyozidi gigabaiti 4, hata kama nafasi iliyobaki ni kubwa. Mazungumzo marefu ya zaidi ya saa mbili yaliyorekodiwa kwa ubora huo hayatanakilika, na ujumbe wa hitilafu unaotokea humfanya mtumiaji adhani kwamba flashi imejaa. Mfumo wa exFAT hauna kikwazo hicho.

Audacity inayobebeka huwezesha kusikiliza, kukata na kuwekea alama sehemu za sauti bila usakinishaji. Hata hivyo, kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2021 mradi wa Audacity ulikuwa na vitu viwili: faili ndogo ya .aup na folda yenye sauti yenyewe. Aliyenakili faili ya .aup peke yake alibeba maganda akaacha kokwa. Kuanzia toleo hilo vyote huwekwa katika faili moja ya .aup3. Mwenye miradi ya zamani bado anapaswa kuihamisha folda pamoja na faili yake.

Lipo pia suala la flashi za kughushi, zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Kidhibiti cha flashi ya namna hiyo hupangwa kutangaza uwezo mkubwa kuliko uliopo. Faili za mwanzo huhifadhiwa vizuri. Nafasi halisi inapokwisha, zinazofuata huonekana kwa majina yake lakini ndani hamna kitu. Mtafiti hugundua hali hiyo akiwa tayari ameifuta kumbukumbu ya kinasasauti. Programu ndogo ya H2testw, iliyotolewa na jarida la c't la Ujerumani na ambayo nayo haihitaji kusakinishwa, huijaza flashi data za majaribio kisha ikazisoma upya ili kuupima uwezo wake wa kweli. Jaribio hilo linaweza kuchukua saa kadhaa. Mzee aliyerekodiwa Tongoni huenda asipatikane tena mwaka ujao, na kwa kulinganisha, saa hizo ni chache.

5.0 Flashi kama Njia ya Maambukizi

Steshenari moja yenye kompyuta moja hupokea flashi za watu wengi kwa siku: barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule, kadi za harusi, tasnifu. Ni mahali pazuri kwa virusi vya kompyuta kama ilivyo njia panda kwa mafua. Zamani maambukizi yalitegemea faili ya autorun.inf iliyoiagiza Windows kuendesha programu mara flashi inapochomekwa. Kirusi cha Conficker, kilichozuka mwaka 2008, kiliitumia njia hiyo miongoni mwa nyingine. Windows 7 iliuzima utaratibu huo kwa flashi, na mwaka 2011 Microsoft iliusambaza uzimaji huo kwa matoleo ya nyuma.

Virusi vilibadili mbinu. Aina iliyozoeleka sana huzificha folda za mtumiaji kwa kuzipa sifa za faili za mfumo, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Anayebofya njia ya mkato hukiendesha kirusi kwanza, halafu huonyeshwa folda yake. Jambo linalopaswa kusisitizwa kwa wanafunzi ni kwamba katika hali hiyo data kwa kawaida hazijafutwa, zimefichwa tu. Kirusi chenyewe kikishaondolewa, amri ya attrib -h -r -s /s /d ikielekezwa kwenye flashi huzirudisha folda wazi. Ushauri unaotolewa kwa haraka wa «kuiformati» flashi huondoa kirusi pamoja na mwaka mzima wa kazi.

Kwa anayebeba programu hatari ni maradufu. Flashi ya nyaraka tupu hubeba kirusi kama abiria, lakini flashi yenye programu ina faili zinazoendeshwa ambazo kirusi huweza kujipachika ndani yake, na mtumiaji akaziendesha kwa mkono wake akiziamini. Aidha, matoleo «yanayobebeka» ya programu za kulipia yanayozunguka kutoka flashi moja hadi nyingine huwa yamevunjwa kufuli na watu wasiojulikana. Kuyatumia kunakiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ni sawa na kumpa mgeni ufunguo wa nyumba. Programu huria zilizopakuliwa kutoka kwa watoaji wenyewe zinatosheleza mahitaji karibu yote ya mtafiti wa lugha.

6.0 Alama Zinazobaki na Siri za Watoataarifa

Imani iliyoenea kwamba programu inayobebeka haiachi alama yoyote si ya kweli. Windows huandika katika sajili utambulisho wa kila kifaa cha USB kilichochomekwa, mara nyingi pamoja na namba yake ya pekee. Huweka orodha ya nyaraka zilizofunguliwa karibuni na kumbukumbu ya programu zilizoendeshwa. Baadhi ya programu huandika faili za muda katika kompyuta mwenyeji. Kianzishi husafisha nyayo za programu yake. Nyayo za Windows yenyewe haziko katika mamlaka yake. Na kama kompyuta mwenyeji ina programu ya kunasa vitufe vinavyobonyezwa, hakuna kinachobebwa katika flashi kinachoweza kuizuia.

Mtu angeweza kusema kwamba orodha za msamiati wa uvuvi wa Pangani si siri ya mtu. Katika mazungumzo ya saa moja, hata hivyo, mzungumzaji hutaja majina ya jamaa, maradhi, ugomvi wa mashamba na ndoa zilizovunjika, na mara nyingi hizo ndizo sehemu ambazo lahaja hujitokeza bila kujibana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za aina hiyo azilinde. Flashi iliyosahaulika katika kompyuta ya kukodi ni kasoro ya kisheria, na kabla ya hapo ni usaliti kwa mtu aliyemkaribisha mtafiti barazani kwake.

Kinga inayopendekezwa ni usimbaji fiche, na hapo ndipo programu zinazobebeka zinapogota mwamba. VeraCrypt, mojawapo ya programu huria zinazoaminika zaidi kwa kazi hiyo, inaweza kubebwa katika flashi. Lakini ili ifungue hifadhi iliyosimbwa inahitaji kupakia kiendeshi cha mfumo, na kitendo hicho kinahitaji idhini ya msimamizi. Idhini hiyo ndiyo ambayo mtafiti hana, na ukosefu wake ndio uliomfanya abebe programu tangu awali. 7-Zip haihitaji idhini na huweza kufunga faili kwa usimbaji wa AES wa biti 256, lakini faili inapofunguliwa kutoka ndani ya kifurushi hutolewa kwanza katika folda ya muda ya kompyuta mwenyeji, na ikitokea hitilafu huweza kubaki hukohuko. Njia ya tatu ni kuiwasha kompyuta kwa mfumo mzima uliomo kwenye flashi, kama vile Tails, ambao hautumii diski ya mwenyeji. Njia hiyo inamtaka mwenye kompyuta aruhusu mashine yake izimwe na kuwashwa upya kwa mfumo mwingine, ruhusa ambayo si kila mwenye steshenari ataitoa, na mtu hawezi kumlaumu.

Kinachowezekana, basi, ni kuzigawa data kulingana na uzito wake. Programu, rasimu za sura na matini ambazo majina yake yamekwisha kubadilishwa hukaa katika flashi ya matumizi ya kila siku, inayochomekwa popote. Sauti ghafi pamoja na jedwali linalounganisha majina ya kweli na yale ya bandia hukaa katika kifaa kingine kilichosimbwa, kinachofunguliwa katika kompyuta inayojulikana mwenyewe wake, na nakala rudufu huhifadhiwa mahali pengine kabisa. Mpango huo unapaswa kuandikwa katika sura ya mbinu za utafiti kwa uwazi uleule unaotumiwa kueleza sampuli na usampulishaji, ukitaja programu na matoleo yake, aina ya ritifaa iliyotumika, na kompyuta ambazo sauti ghafi zilifunguliwa. Fomu ya ridhaa nayo inapaswa kumweleza mtoataarifa, kwa Kiswahili anachokifahamu, sauti yake itabebwa ndani ya nini na nani mwingine anaweza kuifikia, kabla hajaulizwa kama anakubali.